Nguzo ya Usukani: Msamiati wa Kuing'oa na Kuipachika

Neno "usukani" liliingia katika gari likitoka baharini. Asili yake ni neno la Kiarabu linalotaja ubao ulio nyuma ya chombo, unaogeuzwa huku na huku ili chombo kifuate njia. Ubao huo una mpini wake, na mabaharia wa pwani huuita "kana". Gari lilipofika halikuwa na ubao wala kana. Lilikuwa na gurudumu dogo mbele ya dereva, na lugha ikakipa kitu hicho kipya jina la kitu cha zamani kilichokuwa kikifanya kazi ile ile. Usukani wa jahazi, hata hivyo, ni sehemu iliyo mwisho kabisa wa mtambo, ndani ya maji, ilhali usukani wa gari ni sehemu iliyo mwanzo kabisa, mkononi. Jina limeruka kutoka ncha moja hadi nyingine, na vyote vilivyo katikati vikabaki bila majina yaliyotulia.

Makala haya yanahusu hicho kilicho katikati, hasa sehemu ndefu inayoshuka kutoka kwenye usukani, ikapita chini ya dashibodi na kutokea upande wa injini. Mtu mwenye gari la zamani, vifaa vya kutosha na Jumamosi nzima anaweza kuibadilisha nyumbani. Mfasiri anaweza kumsaidia kwa kumpa mwongozo unaoeleweka, na anaweza pia kumdhuru. Anayesoma mwongozo wa namna hii amelala chali chini ya dashibodi akiwa na spana mkononi, na neno atakalolikuta ndilo atakalolitenda.

Nguzo, safu na shafti

Kiingereza hutumia neno moja kwa mhimili wa jengo, kwa sehemu ya gazeti na kwa sehemu hii ya gari. Kiswahili hutofautisha: jengo lina nguzo, gazeti na jedwali vina safu. Tafsiri zinazofanywa na mashine mara nyingi hazioni tofauti hiyo, na hivyo tunakutana na "safu ya uendeshaji" katika matangazo ya vipuri. Maneno hayo hayamwambii msomaji chochote. Safu ni vitu vingi vilivyopangwa kwa mstari: safu ya milima, safu ya askari. Kinachotajwa hapa ni kitu kimoja, kirefu na kigumu, kinachobeba uzito wa usukani na kushikilia swichi zake. Kwa hiyo "nguzo ya usukani" ndilo jina linalofaa, ijapokuwa nguzo hii imelala kimshazari na nguzo tulizozizoea husimama wima. Mtu angeweza kupendekeza "mlingoti", kwa kuwa usukani wenyewe ni wa baharini, lakini mlingoti hushika tanga, na hapa hakuna tanga.

Nguzo si sawa na shafti. Nguzo ni mkusanyiko mzima: bomba la nje lililofungwa kwenye fremu ya dashibodi, beringi au bushi zilizo ndani yake, kufuli ya usukani, mabano ya kushikia swichi, na katikati ya yote hayo shafti inayozunguka dereva anapokata kona. Chini ya nguzo shafti hukutana na kiungo ambacho mafundi wengi hukiita "krosi", kwa sababu moyo wake una umbo la msalaba. Katika baadhi ya magari ya zamani mahali pake hukaa kiungo cha mpira ulioimarishwa kwa kitambaa. Kutoka hapo mzunguko huenda kwenye giaboksi ya usukani au kwenye reki, kisha kwenye magurudumu. Mwongozo ukisema nguzo itolewe, kinachotoka ni vyote. Ukisema shafti itolewe, bomba hubaki mahali pake. Mfasiri anayetumia neno moja kwa vyote viwili anamfanya msomaji afungue bolti ambazo hazikupaswa kuguswa.

Gereji yenyewe haina shida ya istilahi: fundi husema "stelingi". Neno hilo humaanisha gurudumu la mkononi, au mfumo mzima, au nguzo, kutegemea kidole chake kinaelekea wapi. Halina kosa lolote katika mazungumzo. Wapenzi wa filamu nao wana stelingi wao, yule mhusika mkuu ambaye hafi hadi picha iishe, aliyetokana na neno jingine kabisa la Kiingereza lililofika kwetu kwa sauti karibu ile ile. Katika maandishi ambapo hakuna kidole cha kuelekeza, afadhali tutumie "usukani" kwa gurudumu la mkononi, "nguzo ya usukani" kwa mkusanyiko, na "mfumo wa usukani" kwa yote kwa pamoja.

Usukani unacheza

Kabla ya kununua nguzo nyingine ni lazima kujua kama nguzo ndiyo mgonjwa. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri huusahau. Usukani "unacheza" pale unapolegea mahali pake. Ni kitenzi kile kile tunachokitumia kwa jino au kwa mpini wa jembe. Usukani "unatetemeka" gari likishika mwendo. Usukani ni "mzito" au "mwepesi". Gari "linavuta" upande mmoja. Hali hizi nne zina sababu tofauti, na ni ya kwanza tu inayoweza kuelekeza moja kwa moja kwenye nguzo.

Hata kucheza kuna namna mbili. Shika usukani bila kuuzungusha, ujaribu kuuinua na kuushusha. Ukicheza juu na chini, beringi ya juu ya nguzo imelika au bolti za mabano zimelegea. Ukiuzungusha kidogo kushoto na kulia na magurudumu yasiitike, huenda krosi imelika, lakini huenda pia tatizo liko mbali, kwenye viungo vya magurudumu yenyewe. Kubadilisha nguzo kwa sababu ya kiungo kilicholika kwenye gurudumu ni kupoteza fedha, na hatari hubaki pale pale. Sababu nyingine ya kawaida ya kubadilisha nguzo ni kufuli iliyovunjwa na mwizi.

Nguzo nyingi zinazofungwa katika magari ya zamani ni za mtumba, zilizotolewa katika gari jingine. Neno la kumuuliza muuzaji ni "iligongwa?", na jibu lake lisiaminiwe kwa masikio tu. Sababu ni ya kihistoria. Katika magari ya zamani sana shafti ilikuwa chuma kimoja kirefu kilichonyooka kutoka mbele hadi kifuani mwa dereva, na gari lilipogonga kitu kwa mbele, chuma hicho kilirudi nyuma kama mkuki. Kwa magari ya mwaka 1967 General Motors ya Marekani ilianza kutumia nguzo iliyobuniwa kupungua urefu inapogongwa, na kuanzia tarehe 1 Januari 1968 kanuni za usalama za nchi hiyo zikadai kinga ya namna hiyo katika magari mapya ya abiria. Katika nguzo kama hizi bomba moja huingia ndani ya jingine, au bomba lenye matundu hukunjamana, na ndani ya shafti mna pini za plastiki zinazokatika kwa makusudi.

Sifa hiyo tuiiteje? Nimeona "nguzo inayoporomoka". Huo ni upotoshaji, kwa kuwa kuporomoka ni msiba wa jengo: hakuna anayetaka kununua nguzo inayoporomoka. Tunachotaka kusema ni kwamba nguzo hujibana kwa mpango na kulipunguza pigo, kwa hiyo "nguzo inayofinyika" inatosha. Nguzo ya mtumba ambayo tayari imefinyika haitafinyika tena. Ipimwe urefu kwa kulinganisha na ile ya zamani, na shafti isivutike nje wala kusukumika ndani. Ikicheza kwa urefu, pini zimekatika, na hiyo ni ya kutupwa.

Funga, kaza, legeza, toa

Kitenzi kinachosumbua kuliko vyote katika kazi hii ni "funga". Tunafunga mlango, tunafunga nati, tunafunga injini mpya, tunafunga gari kwa ufunguo. Basi "usukani ukiwa umefungwa" una maana gani? Huenda kufuli imeingia na usukani hauzunguki. Huenda usukani umeshapachikwa mahali pake. Katika mwongozo wa nguzo ya usukani maana zote mbili hutokea katika ukurasa mmoja. Ushauri wangu ni kutumia "pachika" kwa kuweka kitu mahali pake, "kaza" kwa nati na bolti, na "funga kwa kufuli" kwa kufuli pekee. Vivyo hivyo kwa kinyume chake: "legeza" si "toa". Nati ya katikati ya usukani hulegezwa kwanza, lakini huachwa kwenye nyuzi zake mizunguko michache, ili usukani utakapobanduka ghafla usimpige mtu usoni. Ndipo nati hutolewa. Mfasiri aliyeandika "ondoa nati" mahali pa "legeza nati" amebadilisha kazi.

Kuna pia kitenzi cha Kiingereza ambacho katika miongozo ya Uingereza humaanisha ama kuweka kitu kipya badala ya cha zamani, ama kukirudisha kile kile kilichotolewa. Kiswahili hakina utata huo tukiamua kuutumia ubora wake: "badilisha" kwa kitu kipya, "rudisha" kwa kile kile. Baadhi ya walimu hupinga "badilisha" kwa maana hii, wakisema ni kubadilishana, na kwamba "badili" inatosha. Matumizi yamekwisha kuamua, na kila fundi hubadilisha tairi. Kilicho muhimu ni kwamba nati inayojibana yenyewe, ikitolewa mara moja, kwa kawaida haistahili kurudishwa. Hapo tofauti ya "rudisha" na "badilisha" ni tofauti ya nati itakayokaa na nati itakayolegea barabarani.

Kazi yenyewe

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla ya miaka ya 1990, gari ambalo bado linaonekana katika barabara nyingi za Afrika Mashariki.

Magurudumu ya mbele huelekezwa mbele moja kwa moja, kisha waya wa hasi wa betri hutolewa. Ikiwa usukani una mfuko wa hewa, mtu husubiri. Miongozo ya Toyota ya kipindi hicho hudai angalau sekunde 90, kwa sababu mtambo wa mfuko hutunza umeme wa akiba na unaweza kulipuka hata betri ikiwa imekatwa. Neno la kulinda hapa ni "angalau". Mfasiri anayeandika "subiri kama sekunde 90" amemruhusu msomaji kusubiri 70. "Zisizopungua sekunde 90" ni bora zaidi, kwa kuwa halina mlango wa nyuma.

Mfuko ukishatolewa, huwekwa mezani upande wa nembo ukitazama juu. "Uso juu" haitoshi, kwa kuwa kitu hiki kina pande mbili na msomaji anaweza kudhani uso ni upande wenye waya. Ukilazwa kinyume na kulipuka, hurushwa juu kama kombora.

Kisha usukani. Kabla ya kuuvuta, alama huwekwa kwenye usukani na kwenye ncha ya shafti, moja ikiikabili nyingine, kwa sababu shafti ina meno madogo mengi na ni rahisi kurudisha usukani ukiwa umekosea jino moja. Hapo gari litakwenda mbele huku usukani umekaa upande. Hali hiyo isiitwe "usukani umepinda", maana kupinda ni kwa chuma kilichoharibika. Tuseme "usukani hauko katikati". Kubandua usukani hutumika pula, kifaa cha skrubu kinachovuta polepole. Nyundo hairuhusiwi, na msomaji sasa anajua kwa nini: pigo kwenye ncha ya shafti linaweza kuzikata zile pini za plastiki, na nguzo nzima ikawa mbovu pasipo kuonekana.

Nyuma ya usukani wenye mfuko wa hewa kuna kikasha cha duara chenye utepe wa waya uliojiviringisha, unaopeleka umeme kwenye mfuko na honi huku usukani ukizunguka. Kiingereza hukiita kwa jina la springi ya saa, kwa kufanana kwa sura tu. Tafsiri ya neno kwa neno imezaa "springi ya saa" katika Kiswahili, na msomaji makini ataanza kutafuta saa kwenye dashibodi. Toyota wenyewe hukitaja kama waya wa mzunguko, na "utepe wa waya wa usukani" unaeleweka bila maelezo. Utepe huo una mwisho kila upande. Ukirudishwa bila kuwekwa katikati kwa alama zake, utakatika siku dereva atakapokata kona hadi mwisho, na mfuko wa hewa utakuwa hauna umeme.

Vifuniko vya plastiki, swichi ya taa na indiketa, na plagi za waya havina ugumu. Plagi "huchomolewa" na baadaye "huchomekwa". Chini, mahali shafti inapoungana na krosi, alama huwekwa tena, bolti ya kubana hutolewa kabisa, kisha bolti za mabano chini ya dashibodi hufunguliwa huku mkono mmoja ukiishikilia nguzo isianguke. Wafasiri wengi hujikwaa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, na kuuita "ukuta wa moto". Ukuta wa moto ni ukuta unaowaka. "Ukuta wa injini" unatosha.

Kufuli ya usukani mara nyingi huhamishwa kutoka nguzo ya zamani ili ufunguo ubaki ule ule, na hapa pana sentensi ambayo nimewahi kuiona "ikisahihishwa" na mhariri mwema. Kufuli hushikiliwa na bolti ambazo, kwa kuzuia wizi, hazina kichwa cha kushikwa na spana, hivyo hutobolewa kwa drili na kutolewa. Bolti mpya hukazwa mpaka kichwa kikatike. Mhariri aliona haiwezekani, akaandika "kaza, lakini usikate kichwa". Maelekezo ya awali yalikuwa sahihi: bolti imebuniwa kukatika hapo, na isipokatika haijakazwa.

Neno jingine la Kiingereza hubeba maana mbili katika kazi hii: kufuli inayozuia usukani, na kikomo ambapo magurudumu hayawezi kukata zaidi. Maelekezo ya majaribio husema usukani uzungushwe kutoka kikomo kimoja hadi kingine. Nimekuta tafsiri isemayo "kutoka kufuli hadi kufuli". Tuandike "kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia".

Kushoto na kulia navyo vina tahadhari yake. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha kushoto na dereva huketi kulia. Kongo, Rwanda na Burundi ni kinyume. Kiswahili kinasomwa pande zote hizo. Mwongozo uliotungwa kwa soko moja ukitafsiriwa bila kufikiri, utamwelekeza msomaji wa Bujumbura kwenye kiti cha abiria. "Upande wa dereva" husafiri vizuri zaidi. Na "kisaa" au "kinyume cha saa" kwa shafti ya usukani kila mara iambatane na mahali mtazamaji alipo, kwa maana anayetazama kutoka kwenye kiti na anayetazama kutoka kwenye injini huona mzunguko huo huo kwa pande tofauti.

Kupachika hufuata njia ile ile kwa kurudi nyuma, ila kwa utaratibu mmoja: bolti zote huingizwa kwa mkono kwanza na kuachwa zimelegea, krosi huunganishwa kwa alama zake, kisha ndipo bolti hukazwa kwa spana ya kipimo kulingana na namba za mwongozo wa gari lenyewe. Vipimo hutolewa kwa niutoni-mita, na katika vitabu vya Marekani kwa futi na ratili. Mfasiri asibadilishe kizio bila kubadilisha namba. 30 za kizio kimoja si 30 za kingine, bali ni takriban 41.

Betri huunganishwa mwisho. Gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na kukaa juu ya stendi imara, usukani huzungushwa hadi mwisho wa pande zote mbili, na sikio hutega kama waya unavutwa au chuma kinasuguana. Ufunguo hutolewa kuona kama kufuli inashika, kisha hurudishwa kuona kama inaachia. Honi, indiketa na taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi hukaguliwa. Pedali ya breki nayo hukanyagwa hadi chini, kwa kuwa waya uliopitishwa vibaya chini ya nguzo huweza kuizuia. Jaribio la kwanza la mwendo hufanyika uani au mahali pasipo na watu, kwa mwendo wa kutembea kwa miguu, na bolti ya krosi hukaguliwa tena baada ya hapo.